Watu wanakimbilia mafuta kabla hata hayajaisha, na mimi niingie foleni au nitulie?

SautiYaUpole

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie mawazo maana toka jana jioni sijatulia. Kuna taarifa inazunguka kwenye magrup kwamba mafuta yanaweza kuadimika. Neno lenyewe ni "yanaweza", hakuna aliyesema yameisha. Wengine wanasema madereva wa matanka watagoma, wengine meli imechelewa, kila grup na lake. Jana usiku napita sheli ya jirani nakuta magari yamejipanga mpaka barabarani, watu wana madumu mkononi, mmoja kashika lile dumu jepesi la maji ya kunywa. Leo asubuhi foleni imekuwa mara mbili ya jana.

Shida yangu ni hii. Mama yangu figo zake hazifanyi kazi, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na mimi ndo dereva wake. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40. Gari linaenda kilomita 12 kwa lita moja, mshale uko nusu, nakadiria lita 20 zimo. Nikipiga hesabu hizo ni safari sita, yaani wiki mbili kama siendi popote pengine. Hesabu inaniambia tulia. Ila kila nikiiona ile foleni moyo unaruka, naona mtaa mzima umejipanga nimebaki mimi tu, siku yakikauka kweli nitamwambia nini mama? Halafu tena najua nikienda na mimi nimeongeza gari moja kwenye lile tatizo.

Kaka yangu yeye anataka tununue lita 60 tuweke stoo, kwenye madumu ya mafuta ya kupikia. Hapo ndo nikaona niulize kwa wenye uelewa kabla hatujafanya kitu cha kujutia.

---

MkaaChonjo

Dada nenda kajaze leo leo, usisubiri ushauri wa mtu. Una mgonjwa. Mimi nimeamka saa tisa usiku nimejaza saa kumi na moja alfajiri na sijutii hata kidogo. Watu watakuja hapa kukwambia usiwe na taharuki, lakini yakiisha hao hao hawatakuja kumbeba mama yako mgongoni. Mwenye nacho ndo anatulia. Kwenye mambo haya wa kwanza kufika ndo anapata, wa mwisho anakuta kamba imefungwa kwenye pampu.

---

PampuNambaTatu

Dada pole kwa kuuguza. Mimi nimeuza mafuta kwenye pampu miaka 11, nimepitia vipindi hivi vitatu, acha nikueleze kinachotokea upande wetu, ukishajua uamue mwenyewe.

Sheli niliyopo ina tenki la chini ya ardhi la petroli lita 30,000. Siku ya kawaida tunauza kama 10,000, kwa hiyo tenki likijaa tuna siku tatu, na tanka linakuja kabla halijafika chini. Ratiba yote imepangwa hivyo, kuanzia bosi anavyoagiza, ghala linavyopakia mpaka dereva anavyozunguka. Hakuna mwenye sheli anayeweka mafuta ya mwezi mzima pale chini, ni hela nyingi imelala na tenki lenyewe halitoshi. Sasa ikitoka meseji kama hiyo unayosema, zile lita 30,000 zinaondoka ndani ya siku moja. Ghala huko lina mafuta, tena yapo mengi tu, lakini tanka letu ratiba yake ni kesho kutwa, na sheli zote zinapiga simu ghalani saa ile ile zinataka tanka leo. Matanka ni yale yale na madereva ni wale wale. Basi tunaweka kibao "petroli hakuna", mtu anakipiga picha anairusha kwenye grup, na wale waliokuwa wametulia nyumbani wanatoka mbio. Hiyo picha nimeiona ikipigwa mbele yangu. Roho iliniuma maana nilikuwa nimeshaambiwa tanka liko njiani.

Kitu kingine watu hawakijui. Kinachotengeneza foleni ndefu kiasi kile sio mwenye tenki tupu. Ni mwenye tenki lililobakiza lita sita lijae. Pampu inamimina kama lita 30 kwa dakika, so lita 40 ni dakika moja na nusu hivi, lakini kusogeza gari, kufungua mfuniko, kulipa, kusubiri chenji, kuondoka, hiyo ni dakika nne tano na haipungui hata ukiweka lita mbili. Gari 50 za watu wa kuongezea juu juu ni masaa manne ya pampu moja, na mafuta yaliyotoka ni kama lita 300 tu. Nyuma yao kuna mtu kama wewe, au dereva wa gari la wagonjwa, anasubiri. Juzi kuna baba mmoja kaja kwangu mara ya tatu kwa siku moja, nikamwambia mzee wangu tenki limejaa, akaniambia weka hata iliyopungua njiani.

Mshale wako ukiwa nusu, kaa. Ukifika robo, njoo. Usisubiri ifike chini kabisa kwa sababu gari nyingi za siku hizi pampu yake ya umeme imo ndani ya tenki na inapozwa na hayo hayo mafuta, ukizoea kutembelea moshi itakufia. Na ukija usije asubuhi, asubuhi ndo wanakuja waliokesha na habari. Ulizia wauzaji tanka linashusha saa ngapi. Sisi tunajua na tukiulizwa kwa upole tunasema.

Suala la madumu ya mafuta ya kupikia namwachia mwingine. Ila mimi sijazi kwenye dumu hilo, hata uniletee barua.

---

mwl_hesabu

PampuNambaTatu umeongea kitu kikubwa sana hapo kwenye ratiba. Nataka niweke namba chini yake kwa sababu namba ndo zinaonyesha kwamba uhaba unaweza kuzaliwa bila hata tone moja kupungua ghalani.

Chukua mji wa mfano wenye magari 10,000, kila tenki lita 50. Kila gari linatumia lita 5 kwa siku, jumla lita 50,000, na matanka yanaleta 50,000, mambo yako sawa. Ukiyakagua magari yote kwa kushtukiza utakuta wengine wamejaza jana, wengine wako chini, wastani ni nusu tenki, lita 25. Sasa tetesi inatoka. Nusu tu ya madereva, 5,000, wanasema ngoja nijaze, na kila mmoja ana nafasi ya lita 25. Hiyo ni lita 125,000 juu ya zile 50,000 za kila siku, na zote zinatakiwa leo. Mji uliokuwa unatosheka unahitaji mara tatu na nusu. Na matumizi hayajapanda, hakuna aliyeendesha kilomita moja zaidi. Mafuta yamehama tu kutoka tenki la chini ya ardhi la PampuNambaTatu kwenda kwenye matenki ya watu yaliyopaki nyumbani.

Mwanasosholojia wa Marekani Robert Merton aliandika habari hii mwaka 1948, akaiita unabii unaojitimiza wenyewe. Mfano wake ulikuwa benki. Benki nzima kabisa ina hela zake, ikazushiwa inafilisika, wenye akiba wote wakaenda kutoa hela siku moja, na ikafilisika kweli. Aliyeanzisha uzushi akawa kama alisema ukweli. Hilo ndo linaniumiza kwenye mambo ya mafuta, kwamba anayekimbia wa kwanza mwishoni anaonekana ndo alikuwa na akili.

Ushahidi upo wa kutosha. Mei 2021 Marekani wadukuzi waliingia kwenye kompyuta za Colonial Pipeline, bomba la karibu kilomita 8,850 linalopeleka kama asilimia 45 ya mafuta ya pwani ya mashariki. Kampuni ikalifunga tarehe 7, ikaliwasha tena tarehe 12. Siku tano. Pale kweli kulikuwa na tatizo, sikatai, na North Carolina vituo vingi sana vilikauka. Lakini angalia Florida, wao sehemu kubwa ya mafuta yao yanakuja kwa meli, lile bomba haliwahusu kivile, na bado watu walipanga mistari na kuna vituo viliishiwa. Kule uhaba uliletwa na habari tu.

Uingereza nao Septemba 2021, madereva wa malori walikuwa wachache, kampuni moja ikasema itafunga vituo vichache. Vichache tu! Viwanda vya kusafisha mafuta vilikuwa na mzigo, maghala yana mzigo, ila ndani ya siku mbili tatu maelfu ya vituo vikawa vimekauka, mpaka tarehe 4 Oktoba wanajeshi wakaingia kuendesha matanka.

Kwa hiyo dada SautiYaUpole, hesabu yako ya safari sita ndo hesabu sahihi. Mtu mwenye wiki mbili kwenye tenki hana haja ya kuwa kwenye foleni ya leo. Na kuna habari njema ndani ya hizi namba ambayo watu hawaifikirii: matenki yana ukomo. Wakishajaza wote, kesho yake hawana pa kuweka, na wiki inayofuata wanakuja wachache kuliko kawaida maana bado wamejaza. Kama mzigo unaingia kama kawaida, foleni inajifia yenyewe. Kinachoirefusha ni madumu, na wale wa mara tatu kwa siku.

---

MkaaChonjo

Mwalimu nakuheshimu lakini hizo namba zako zinanipa haki mimi. Kama nusu ya mji itakimbia, na wewe unajua itakimbia, basi mwenye akili anakimbia mapema. Utamwambiaje mtu mmoja akae wakati elfu tano hawakai? Yeye ndo ataumia. Na msitulaumu sisi wananchi, hakuna anayetupa taarifa ya kueleweka. Mkubwa akitoka kwenye televisheni akasema "hakuna uhaba, msiwe na hofu" ndo kila mtu anajua upo. Kwa nini aseme kama haupo?

---

mwl_hesabu

Sikulaumu ndugu yangu, na hapo kwenye taarifa niko na wewe kabisa. Lile tamko la "msiwe na hofu" peke yake ni kama kumwambia mtoto usiangalie chini. Linalotuliza watu ni namba: ghala lina lita hizi, zinatosha siku hizi, matanka yanaingia vituo hivi leo na hivi kesho. Nchi nyingi zinazo hizo namba. Shirika la Kimataifa la Nishati liliundwa 1974 baada ya ule mgomo wa nchi za Kiarabu kuwanyima Wamarekani na wenzao mafuta, na wanachama wake wanaoagiza mafuta nje wanatakiwa kuwa na akiba isiyopungua siku 90 za kile wanachoagiza. Sio wote duniani wana akiba kubwa hivyo, ila hata mwenye siku 15 akizitaja waziwazi watu watapanga maisha yao. Akificha, watu wanahesabu foleni badala ya kuhesabu akiba.

Na kuna wakati kiongozi mwenyewe ndo anawasha moto. Machi 2012 Uingereza kulikuwa na tishio la mgomo wa madereva wa matanka. Waziri mmoja, Francis Maude, akawashauri watu waweke mafuta kidogo kwenye dumu gereji. Siku ile ile foleni zikaanza, vituo vikakauka. Na mgomo wenyewe haukutokea. Haukutokea kabisa, walikubaliana.

Ila swali lako la mtu mmoja afanye nini kama wengine wote wanakimbia, hilo ni gumu kweli na sitalipita. Jibu langu ni kwamba inategemea mshale wako uko wapi. Mwenye robo na ana mgonjwa, aingie foleni, hana kosa lolote. Mwenye nusu anajifanyia hesabu ya siku zake, na dada ana siku 14. Wewe mwenyewe ndugu yangu, kabla ya kuamka saa tisa usiku ulikuwa na kiasi gani?

---

MkaaChonjo

Robo tatu.

---

NesiWaZamu

Nimeona huu uzi nikiwa mapumziko ya zamu na imebidi niandike kwa sababu ya zile lita 60 za stoo. Dada yangu nakuomba sana, hapana. Mimi nafanya kazi wodi ya walioungua. Kipindi kilichopita cha taharuki ya mafuta tulipokea familia ambayo haikuwa na shida ya mafuta hata kidogo, walikuwa wameyaweka ya akiba. Dumu lilikuwa chumba cha pembeni na jiko. Mtoto aliliangusha, mfuniko haukuwa wa kukaza. Sitasema zaidi.

Watu wengi wanadhani petroli inawaka ukiigusisha moto. Kinachowaka ni mvuke wake, na petroli inatoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo chumbani kwako inatoa muda wote. Ule mvuke ni mzito kuliko hewa mara tatu nne hivi. Haupandi juu ukatoka dirishani, unatambaa sakafuni kama maji usiyoyaona mpaka unafika kwenye jiko, kwenye taa ya gesi, kwenye friji inapowaka yenyewe, na moto unarudi nao mpaka kwenye dumu. Dizeli ni afadhali kidogo, yenyewe inahitaji joto la nyuzi 50 na zaidi ndo mvuke wake uwake, lakini nayo sio ya kuweka ndani.

Madumu ya mafuta ya kupikia na ya maji hayakutengenezwa kwa petroli. Plastiki yake inalainika, inavimba, mfuniko unavuja mvuke. Na petroli inatanuka joto likipanda, kila nyuzi 10 inaongezeka kama asilimia moja, so dumu uliloshindilia mpaka mdomoni alfajiri, mchana linasukuma mfuniko lenyewe. Ile Mei 2021 Marekani ilifika hatua taasisi yao ya usalama wa bidhaa ikaandika hadharani watu wasijaze petroli kwenye mifuko ya plastiki. Ni mambo yaliyokuwa yanatokea kweli, mtu akiogopa anashika chochote kilicho karibu.

Na huyo mwalimu ametaja Uingereza 2012, ngoja nimalizie. Siku chache baada ya lile tamko kuna mama aliungua vibaya jikoni kwake akihamisha petroli toka chombo kimoja kwenda kingine, jiko linawaka. Mgomo ambao haukutokea.

Kama mtu ni lazima awe na kidogo, labda ya mashine ya kukata majani au jenereta, basi iwe ni chombo kilichotengenezwa kwa petroli, kidogo, kikae nje ya nyumba wanayolala watu, kivulini, mbali na watoto. Na wakati wa kujaza chombo kiwe chini ardhini, sio kwenye buti la gari. Kikiwa kwenye kapeti la buti umeme tuli hauna pa kutokea, cheche moja inatosha.

Mama yako anahitaji wewe uwe mzima kumpeleka. Hiyo ndo akiba yake ya kwanza.

---

DerevaWaTanka

Nawaunga mkono wote ila niongeze mawili kutoka barabarani. La kwanza, tafadhali msilifuate tanka. Kuna watu wakiona tanka wanaunga nyuma na magari mpaka linaposhusha, nikifika sheli siwezi kuingia kwa sababu foleni imeziba njia, nashusha nimechelewa saa nzima, na saa hiyo nilitakiwa niwe nimerudi ghalani kupakia mzigo wa pili. Foleni inachelewesha mafuta ya foleni. Kwa siku nikipoteza safari moja ni lita 35,000 hazikufika mahali.

La pili, mwalimu hajagusa vikomo. Kuna sheli zinaweka ukomo, mwisho lita fulani kwa gari. Inasaidia wengi wapate siku hiyo, lakini mimi naona nyingine inarudisha watu mara nyingi zaidi, mtu kapewa lita 15 leo, kesho yuko kwenye mstari tena. Wakubwa wangu wa kazi walikuwa wanasema Marekani mwaka 1979 baadhi ya majimbo yaligeuza, yakaweka kiwango cha chini, kwamba kama huna nafasi ya kiasi fulani kwenye tenki usije kabisa. Naona hiyo ina akili maana inawatoa wale wa lita sita. Mnaonaje?

---

PampuNambaTatu

DerevaWaTanka ningeipenda hiyo ya kiwango cha chini hata leo. Shida ni nani atamwambia mtu aliyesimama masaa matatu kwamba tenki lako limejaa sana rudi nyumbani, wanatutukana, mwaka fulani mwenzangu alipigwa. Inabidi itangazwe kwa nguvu kabla mtu hajaingia kwenye mstari. Muuzaji wa pampu peke yake haiwezi.

Afu masaa matatu hayo injini inawaka! Gari dogo likisimama linaunguruma linakula zaidi ya nusu lita kwa saa, ukiweka na ubaridi ni karibu lita nzima au kupita. Mtu anachoma lita tatu kutafuta lita sita. Zimeni injini jamani.

---

mwl_hesabu

Vikomo vyote viwili vina mahali pake. Ukomo wa juu unafaa kama mzigo umepungua kweli na inabidi tugawane kidogo kilichopo. Kama mzigo upo na tatizo ni watu kuja kwa pamoja, kiwango cha chini kinafanya kazi zaidi kwa sababu kinapunguza idadi ya safari za kuja sheli, na foleni inatengenezwa na idadi ya magari kama alivyoeleza PampuNambaTatu. Hiyo 1979 ni kweli. Mapinduzi ya Iran yalipunguza mafuta ya dunia kwa kama asilimia 4 tu, lakini foleni zilivyokuwa ungedhani ni nusu, na California mwezi Mei wakagawa siku kwa namba za gari, witiri siku yake na shufwa siku yake. Ile asilimia 4 ilikuzwa na watu kuongezea juu juu na makampuni kujaza maghala, kila mmoja anajilinda na mwenzake.

Kwa dada, kingine cha kufanya leo bila kuingia kwenye foleni ni kuzirefusha zile lita 20. Pima upepo wa matairi, toa mizigo kwenye buti, endesha taratibu kwa mwendo mmoja bila kukanyaga ghafla. Na waulize pale mnapokwenda, lazima kuna mgonjwa mwingine wa siku zile zile anayetoka upande wenu.

---

SautiYaUpole

Wakuu sijui niwashukuru vipi. Nimesoma yote, mengine mara mbili, ya NesiWaZamu nimemsomea mama akanishika mkono.

Nimeamua sikai foleni wiki hii. Nitakwenda mshale ukikaribia robo, mchana, na nitaulizia tanka kabla. Leo baada ya kumaliza kusafishwa nimeongea na familia mbili tulizokuwa tunakaa nao benchi moja toka mwaka jana bila kujuana hata majina. Kumbe mmoja anapita barabara yetu kabisa. Tumekubaliana tupokezane, wiki hii gari langu, wiki ijayo lake, wagonjwa wawili na msindikizaji mmoja. Kwa hiyo zile safari sita zimekuwa karibu mwezi. Na muuguzi pale akaniambia hospitali wana utaratibu wa usafiri wa dharura kwa wagonjwa wa figo, unajiandikisha kabla, na mimi miaka yote hii sikuwahi kuuliza.

MkaaChonjo usijisikie vibaya, wewe ndo ulinijibu wa kwanza na ulimfikiria mama yangu.

Ila kuna jambo. Nilipompigia kaka kumwambia habari ya madumu tusinunue, akanyamaza. Ameshanunua moja, lita 20, dumu la mafuta ya kupikia, liko stoo kwangu toka jana usiku na mimi nimelala nyumba hiyo na mama. NesiWaZamu, PampuNambaTatu, tufanyeje sasa hivi?

---

MkaaChonjo

Dada sijachukia. Nina nafasi kwenye gari na tenki limejaa, wiki ambayo mtakwama niandikie nitawapeleka. Kweli kabisa.

---

PampuNambaTatu

Dada lisilale humo usiku mwingine. Usiwashe wala kuzima taa ya stoo, fungua mlango na madirisha hewa ipite kwanza, jiko lizimwe, mama akae upande wa mbali au nje kabisa. Kaka yako alibebe taratibu wima mpaka nje, aliweke chini kivulini, mbali na watu. Simu iache ndani, sigara marufuku.

Kama lilikuwa limeoshwa na kukauka kabla ya kujazwa, asubuhi injini ikiwa imepoa mimineni kwenye tenki la gari hapo hapo nje kwa kutumia faneli, polepole, mmoja ashike dumu mmoja faneli, ndoo ya mchanga karibu. Una nusu tenki kwa hiyo nafasi ipo. Kama lilikuwa na mafuta ya kupikia au maji ndani msimimine, litakuharibia injini. Liache huko nje limefungwa, muwapigie zimamoto wawaelekeze pa kulipeleka, usilimwage kwenye mtaro.

---

NesiWaZamu

Na dumu likishakuwa tupu msidhani limekuwa salama, tupu ndo lina mvuke zaidi. Lifungwe likae nje, lisirudi jikoni kuwekewa chochote kingine.

Ukishamaliza andika hapa tujue.

---

SautiYaUpole

Amekuja kulitoa. Liko nje chini ya mti, stoo iko wazi, mama yuko barazani kwa jirani. Lilikuwa na mafuta ya kupikia kidogo chini, anasema hakuosha, kwa hiyo haliingii kwenye gari. Nimeshawapigia zimamoto, wanasema lisiguswe tena mpaka wafike.